Milongo Mitatu ku Stesheni

Nichekeni sasa hivi, mwanzoni, ili nikifika katikati mniache niseme, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na nimechoka kuibeba peke yangu: mi, mwana wa Lubudi, mutu wa diplome, niliyekuwa naandika memwari, tasnifu ya chuo, juu ya nani anapata matibabu na nani anakosa mu Kolwezi, ndiye niliyesimama mbele ya stesheni mchana kweupe nikawapanga wagonjwa vibaya kuliko hospitali zote nilizozilaumu kwenye memwari ile.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya shaba imeanguka na watu wa asili ya Kasai wanafukuzwa. Wengi walizaliwa hapa hapa, babu zao ndio walioletwa kufanya kazi ya mgodi, lakini waliambiwa kwenu ni kule, basi wakaja na magodoro na masufuria kukaa stesheni kungoja treni, wiki baada ya wiki. Aliyefukuzwa nyumbani alifukuzwa na kazini, na kazi ikiisha, karatasi ya hospitali ya kampuni nayo imeisha. Kwa mtu wa uchumi wa afya (nasema ukweli hata kama unachukiza) hiyo ilikuwa bahati: watu wa kila daraja, mahali pamoja, wote wamepoteza matibabu kwa mkupuo. Profesa wangu alisema, "Enda ku gare, ku stesheni pale, uulize batu." Nikaenda.

Siku mbili nilirudi na daftari tupu. Siku zile mtu anayeandika majina ya watu hakuwa mtu wa kujibiwa, waliokuja kuwatoa nyumbani nao walianza na daftari, na mi nikifungua mdomo tu wanasikia ni mtoto wa upande gani, upande wa wafukuzaji. Shemeji yangu, aliyekuwa muuguzi mu kliniki moja ya mtaani, akanicheka, akatoa koti lake jeupe nyuma ya mlango. "Vala hii," akasema. "Nani anaogopa munganga?" Lilinifika magotini, lakini nikalivaa.

Kweli, waliacha kuogopa. Kabla sijafungua daftari nilikuwa nimezungukwa na watu arobaini au zaidi, wanasukumana, na mi (nichekeni tena) nikawaza kwamba hatimaye wananchi wameelewa umuhimu wa utafiti. Sasa mi nilihitaji watu sawasawa kutoka kila daraja la kazi, na watu wanasukumana, basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwenye kambi za kampuni angefanya, nikachana karatasi vipande, nikaandika namba, nikagawa, nikapaza sauti: "Bakadre, bakubwa ba ofisi, huku ku ukuta, basimamizi pale kati, ba kazi ya mikono kule mwisho!" Hospitali ya kampuni ndivyo ilivyokuwa siku zote, kipande chako cha namba mkononi na kila daraja na mulongo wake, foleni yake.

Na watu walijipanga. Watu waliofukuzwa wote pamoja, waliolala sakafu moja na kunyeshewa mvua moja, walipangika kimya kimya kwa vyeo ambavyo havikuwepo tena, na tata mmoja, baba mzee wa mulongo wa makadre, akanyoosha tai yake. Mulongo ule ulikuwa kivulini, wa mwisho ulikuwa juani. Sikukusudia, kivuli kilikuwa upande ule tu.

Nikaanza na yule tata mwenye tai. "Mara ya mwisho ulipougua, ulitembea dakika ngapi kufika hospitali?" Akajibu kwa adabu, dakika kumi, halafu akafungua shati, akavuta pumzi ndefu, akangoja. Nikadhani ni joto. Wa pili akanitolea ulimi. Wa tatu, mama mmoja mnene mpole, alipofunua jipu lake begani, hapo nilielewa, na hapa ndipo haya yangu hasa ilipo, maana kukosea kila mtu hukosea: nilielewa na sikusema. Daftari lilikuwa linajaa, jamani. Nikajiambia nimalize kwanza mulongo huu wa kivulini, kisha nitawaeleza vizuri. Nikaendelea hivyo zaidi ya saa moja, nikitikisa kichwa kwa kila jipu.

Na upande wa pili wa stesheni alikuwepo Sista mmoja wa parokia na meza yake ya serumu, maji ya dawa ya kutia mshipani, kwa watoto wanaoharisha. Asubuhi ile aliona watu wake wanahama, maana wamesikia daktari amekuja, akaanza kufunga vitu vyake.

Mara nikasikia ba mama wanaita kutoka mulongo wa jua. "Munganga! Mutoto analegea!" Watu wakaachia njia, na mama mmoja, Mama Ngalula, akaniwekea binti yake Kapinga mikononi, mtoto wa miaka miwili hivi, macho yamezama, mwepesi ajabu. Kalamu bado iko mdomoni mwangu.

"Mupatie dawa," mtu akasema.

"Mi hapana munganga," nikasema, chini chini.

"Unasema nini?"

"Mi hapana munganga. Niko naandika memwari."

Yule tata mwenye tai akaanza kufunga shati, kifungo kimoja kimoja.

Nikakimbia. Nilikimbia na mtoto kifuani na koti linanikwaza, mama yake nyuma yangu, nikaruka magodoro, nikakanyaga katikati ya sufuria ya bukari, ugali, ya watu, nikafika kwa Sista na mguu mmoja mweupe. Alikuwa anafunga sanduku la mwisho.

"Docteur, toka asubui ulikuwa naye?"

"Mi hapana docteur," nikasema, mara hii kwa nguvu.

Akanitazama kutoka kola mpaka kwenye bukari, akafungua sanduku. "Basi shika chupa."

Nikashika chupa ya serumu juu muda mrefu, na stesheni nzima ikapita kunitazama. Hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja tu alisema, "Kumbe leo munganga ni musumari ya kutundika chupa," na hata yeye hakucheka sana.

Kapinga alipolia nilitaka kulia naye. Sista alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea maneno mengine. Nikamwomba Mama Ngalula msamaha, halafu, kwa sababu mi ni mtu wa maswali hata pasipostahili, nikamuuliza mbona mtoto mgonjwa vile na hakuja mbele moja kwa moja.

Hakukasirika. "Tata, mi njo nilifika wa kwanza. Weye mwenyewe ulisema ba kazi ya mikono kule mwisho. Bwana yangu alikuwa anachimba ku Mashamba, mugodi ule. Njo nilienda kule."

Tangu siku ile simuulizi mtu swali hata moja kabla sijamwambia mi ni nani na kwamba sina dawa. Memwari niliimaliza, nikapewa alama nzuri, na ndani yake mna sura nzima juu ya watu wanaongojeshwa mwisho. Jina la aliyewangojesha sikuliandika.