Beseni Moja, Nyumba Zote

Nilisafiri kwa sababu redio na dada yangu hawakupatana. Redio ilisema, pale barazani kwangu Chemchem, mjini, ninaposhonea, kwamba vijiji vipya vya upande wetu vimehesabiwa na kila nyumba ina chakula. Siku hiyohiyo mfanyakazi mmoja wa reli akaniletea salamu za Siwema, mdogo wangu aliyeolewa Goweko: "Kaka, njoo na unga. Zuhura amevimba miguu." Zuhura ni kitindamimba wake. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa mwongo, na Siwema namjua tangu anatambaa.

Asubuhi nilipanda treni ya mashariki na gunia dogo la unga. Jirani yangu kitini akacheka. "Fundi, unapeleka maji ziwani? Hujasikia redio?"

"Redio haina tumbo," nikamwambia, nikageukia dirishani.

Kwenye stesheni ya Goweko shemeji alinipokea na baiskeli. Njiani alinionesha mahame yao, kuta zimebomoka, nyasi zimefika kiunoni. "Hapa tulikuwa na shamba bondeni na jingine mlimani," alisema. "Likiharibika hili, lile linatulisha. Kule tulikohamishiwa tuna shamba moja sote. Jua limelipata lote."

Adhuhuri tukafika kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama sare za shule. Siwema alipiga goti. "Shikamoo kaka."

"Marahaba mama. Habari za hapa?"

"Njema tu."

Njema! Kabla sijafungua gunia akaniwekea ugali. Zuhura alikuwa mkekani, miguu imevimba, macho yakiufuata mkono wangu kila ulipokwenda kinywani. Nilimmegea, na hamu ya kula ikanitoka. Hapo akaingia mama wa nyumba ya pili, akachukua beseni la unga lenye ua jekundu. "Samahani mgeni. Nami kwangu wanakuja wageni."

Nilimtazama dada yangu. "Siwema, hili beseni ni la nani?"

"La wote," akasema chini chini. "Ndio unga uliobaki mstari mzima. Mgeni haoneshwi chungu kitupu, kaka. Akija, beseni linatangulia nyumba anayofikia."

"Hata huyo aliyekuja kuhesabu?"

Shemeji ndiye aliyejibu. "Aliingia nyumba zote. Na beseni liliingia zote, kwa mlango wa nyuma."

Loo! Niligomba mpaka sauti ikakauka. Niliwaambia aibu haichemshwi ikaliwa. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakagawana unga wangu, na kwa wingi wa nyumba zile kila moja ilipata kiganja tu.

Kesho yake asubuhi yule kijana wa kuhesabu, waliyemwita Bwana Hesabu, akarudi. Safari hii alikuja kuthibitisha, maana kijiji chenye upungufu kingepata mahindi ya msaada. Wanawake wakamlaki kwa salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka, mgeni wetu!" Vile viganja vyao vya unga vilikwisha kurudi katika beseni. Nikaliona likitangulia uani, nyumba hii, nyumba ile, mpaka likafika kwa Siwema. Bwana Hesabu akachungulia, akaandika.

Sikuweza kuvumilia. "Bwana, huo unga ni wangu! Nimeuleta jana kwa treni. Unauhesabu huohuo mmoja tangu asubuhi!"

Akatabasamu. "Mzee, mimi nahesabu ninachokiona. Wastani hapa ni beseni kwa kila nyumba. Mama, eti ni kweli?"

Nilimtazama Siwema. Zuhura alikuwa nyuma yake, ameshika khanga. Aseme neno moja tu, mahindi yaje.

"Usimsikilize kaka," Siwema akasema, akicheka. "Watu wa mjini wanapenda utani. Karibu ule."

Akala. Nilimwomba Siwema nirudi na mtoto mjini, akakataa. Majirani wangesema ameshindwa kumlisha. Nikapanda treni peke yangu, nimekunja gunia tupu kwapani, nina hasira na yule kijana, na redio, na zaidi na damu yangu mwenyewe.

Redio ilisema tena, baada ya siku chache, na safari hii ikakisifu kijiji chao. Nilichojifunza ni kwamba hesabu inaweza kuwa sahihi kila nyumba, na jumla yake ikawa uongo mtupu. Mahindi hayakwenda.

Safari yangu ya pili Goweko ilikuwa ya matanga ya Zuhura. Watu walikuja wengi, na wote walikula ugali. Sikuuliza unga umetoka nyumba gani.