Vidole Vilivyobaki Kwenye Kaburi la Baba

Jina langu msiulize. Hapa kwetu Theta ni padogo, na Ruiru nzima wananijua. Nimemkosea mtu, na nilimkosea nikijua.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nikifundisha Misri ya kale huwa naonyesha wanafunzi picha za kaburi la afisa mmoja wa mfalme. Kuta zote zimechorwa mikate, ng'ombe, watumishi, na mke wake kando yake amemshika mkono. Wale watu waliamini ukichorwa hapo, uko naye huko alikoenda. Na mtu wakimchukia, wanamkwangua uso.

Baba alipokufa nikasema na yeye alikuwa mtu wa serikali, si alikuwa karani wa chifu? Nikamjengea kaburi lenye kuta na paa, nikaita fundi anayechora mabucha na saluni pale Ruiru. Achore mzee na suti yake, marehemu mama, sisi watoto, kahawa, na ng'ombe wetu.

Aliyempikia fundi ni auntie. Ndivyo tulivyomwita mke wa pili wa mzee, mama wa Bungoma aliyekuja huku kuchuma kahawa, baba akamwoa baada ya mama kufa. Hatukuwahi kumwita mama. Baba alipougua, yeye ndiye alimwosha na kumgeuza kitandani. Mimi nilikuwa natuma pole kwa simu.

Nilipoenda kukagua kazi, nikakuta fundi amemchora. Amesimama karibu na mzee, amemshika kiwiko.

"Nani amekwambia uweke huyu?"

"Kwani si ni mke wa mzee, mwalimu?"

"Mtoe."

Aliniangalia kwanza. Halafu akampaka rangi nyeupe, uso, leso, kila kitu, isipokuwa vidole, maana vilikuwa juu ya suti ya baba na angeiharibu. Nikasema wacha, hakuna mtu ataona.

Siku ya ibada ya kaburi, auntie alikuja na maua aliyochuma hapo nyumbani. Akazunguka kuta polepole akijitafuta. Akaona mama, akaniona mimi, akaona ng'ombe na lile doa lake la paji la uso. Halafu akafika kwa vile vidole.

"Ng'ombe nimemwona," akaniambia. "Anayemkama je?"

Pasta alianzisha wimbo haraka haraka. Auntie akaweka maua chini ya vidole, akaenda kufunga nguo zake. Sasa amepanga chumba huko Kiuu, anauza sukuma wiki, na simu zangu hashiki.

Msichana wangu, ambaye babu yake humwita guka, huniuliza, "Daddy, nani huyo ameshika guka?" Aki, naona aibu mpaka nashindwa kuenda pale.

Juzi nilitaka auntie arudishwe ukutani. Yule fundi alikataa kabisa kukanyaga kwangu, nikaita mwingine. Akaomba picha. Nimepekua nyumba nzima na sijapata hata moja, kwa sababu kila sherehe auntie alikuwa jikoni.

"Basi nielezee tu," fundi akasema. "Uso wake unakaaje?"

Nimekula chakula cha huyo mama tangu nikiwa shule ya upili, na nilisimama hapo nikashindwa kusema.

Wewe unayesoma hii, kama kwenu kuna mtu hivyo, ingia jikoni leo umwangalie vizuri usoni. Mimi nimebaki na vidole tu.