Dungusi la Mama Otieno

Marehemu mke wangu aliacha dungusi moja dogo, ule mmea wa miiba wa jangwani, dirishani, hapa Kaloleni. Alikuwa akilinywesha kwa kijiko cha chai na kusema linafanana nami: halisemi, halisumbui. Mwezi uliopita shina likaanza kuoza. Niliogopa, maana ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai.

Jirani akaniambia nikate kichwa ambacho hakijaoza nikiunganishe juu ya shina lingine. Mimi ni fundi baiskeli. Nikaona ni kazi ndogo. Nikakata tawi nene lenye miiba la mti wa maziwa unaozunguka uwanja wetu, nikaweka kichwa juu, nikafunga kwa mpira wa tyubu. Maziwa meupe yakatiririka. Nikafurahi: gundi ya bure!

Jumapili, akina mama wa kanisa walipokuja kuniombea, nikajigamba, "Limeshika kabisa."

Mama Akoth, rafiki wa marehemu, akafungua mpira. Kichwa kikaangukia kikombe changu cha chai, kikavu kama dagaa wa omena.

"Baba Otieno! Dungusi na mti wa maziwa ni ukoo mmoja kweli, hata vishikane?"

Wakacheka. Mimi nikainama, machozi yakinitoka.

"Haya, nyamaza," akasema Mama Akoth. "Marehemu mwenyewe alinigawia kipande cha dungusi hili. Kule kwangu Nyamasaria kimejaa karai."