Turubai la Kukaushia Mbao

Kazi yangu ni kuosha mbao na kuzipaka rangi. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa. Nikipita Kongowea na mkokoteni wangu wa mashine ya presha, madumu na brashi, kuna muuza vitunguu mmoja ambaye hakosi kuniuliza, "Mama, mbao nazo zaoga?" Namjibu, "Zaoga kukushinda wewe." Basi hapo tumeshaamkuana, kila mtu ashike njia yake.

Mbao za huku kwetu zateseka jamani. Chumvi yazila, jua lazila, kuvu yazila, na mchwa naye hajakaa bure. Ua wa mbao usipooshwa miaka mitatu hugeuka rangi ya jivu, na mwenyewe akadhani ndivyo ulivyozaliwa. Mimi huja nikauosha, nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta na rangi, mwenye nyumba akashika kiuno akasema, "Kumbe!" Hilo "kumbe" lao ndilo linaloniamsha asubuhi. Wateja wangu wengi ni watu wa mabustani na nyumba za wageni kule ufukweni. Lakini kazi ninayotaka kuihadithia niliifanya nyuma ya Bombolulu, kwa bibi mmoja mjane, na hadi leo kuna watu Kisauni ambao wakiniona nimebeba turubai hubadilisha njia.

Mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa. Marehemu mumewe alikuwa seremala, na ilipobomolewa hoteli moja ya zamani alizinunua mbao zake, akamjengea mkewe baraza mbele ya nyumba, pana, yenye ngazi tatu. Nyumba yenyewe ya matope na chokaa, baraza la kitajiri. Bi Mkubwa alikaa pale kila asubuhi bila kukosa, na mpita njia asiyemwamkia alimkoma.

"Mwanangu, nataka zing'ae," aliniambia siku aliyoniita. "Mtu akizitazama asiwe na la kusema."

"Mtu gani, Bi Mkubwa?"

"Mtu tu."

Mtu huyo nilimjua kabla chai haijaisha. Alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, akaaye Likoni. Miaka mitatu nyuma, siku ya Idi, alikuja na sinia la biriani kichwani, akakanyaga ubao uliooza, mguu ukazama mpaka pajani. Biriani likamwagika, sinia likabingirika mpaka barabarani. Hayo yote angeyasamehe, maana ubao ni ubao. Lakini Bi Mkubwa alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mdogo wake bado kanasa. Akatolewa na majirani, akajipangusa, akaapa, "Wallahi sikanyagi tena mbao zako." Na hakukanyaga.

"Ubao nimeshautia mpya," Bi Mkubwa aliniambia. "Sasa we osha, paka rangi. Asipate kisingizio."

"Umemwalika?"

"Nimwalike nina nini? Atasikia."

"Atasikiaje mbao zimepakwa rangi, naye yuko ng'ambo ya feri?"

"Fanya kazi, mwanangu."

Simu ilikuwa mapajani mwake. Nambari ya mdogo wake aliijua kwa moyo, aliwahi kunitajia bila kuulizwa. Nilimhurumia, na kusema kweli nilimkasirikia pia. Wazee wawili, hawana baba, hawana mama, hawana mtoto hata mmoja kati yao, na kinachowatenga ni kicheko.

Siku ya kwanza niliosha. Ya pili nikaamkia rangi, na hapo lazima nieleze nilivyojipanga, kwa sababu kosa lote limo humo.

Rangi ya mafuta haitaki jua kali. Ikikaushwa mbio hutoa malengelenge. Kwa hivyo niliazima turubai la chama cha mtaa, lile lile la harusi na matanga, nikalifunga kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo za ua, likafunika baraza lote na uwanja wa mbele. Mikeka ya Bi Mkubwa nilikuwa nimemuoshea, kwa hisani tu, nikaitandaza pale mchangani kivulini isije ikapauka. Kando, juu ya mafiga, nikateleka sufuria kubwa la maji ya magadi, ya kusugulia kona zenye kuvu. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa ndani. Mlango wa mbele hakuweza kuutumia kwa sababu ya rangi mbichi, na mlango wa uani uliwekewa kabati tangu enzi za marehemu. Nikamwambia alale chumba cha nyuma asinuse tapentaini. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga leso kichwani, macho mekundu, machozi na kamasi zanichuruzika kwa hiyo hiyo tapentaini.

Sasa wewe pita hapo barabarani, unitazame.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye duka la mkaa. Akavua viatu, akakaa mkekani, akanyanyua viganja, midomo ikamcheza. Nilidhani kachoka, nikampa maji. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Nikaingia nyuma kuongeza kuni, niliporudi wameshakuwa kumi, wenye kanzu na wenye mashati ya kazini, na wawili wamekaa kwenye ngazi yangu ya chini, niliyoipaka si muda. Nikafungua mdomo niwatukane. Mmoja wao akanitazama kwa huruma nyingi, akatikisa kichwa, nikaufunga.

Kwetu mtu hafiki msibani akauliza nani kafa. Ni aibu. Kuuliza ni kusema kwamba marehemu hakuwa mtu wako. Unakaa, unainamisha kichwa, na jina litakufikia lenyewe. Basi wale kumi walikuwa wakingoja jina. Na mimi nami, mwenye turubai, mwenye mikeka, mwenye sufuria, nilipowaona wote wameinama nikasema moyoni, masikini, kuna mtu kafa mtaani na wameona hapa pana kivuli. Nikaweka brashi chini. Mzee wa mkaa alipoanza kusoma Yasin nikakaa pembeni na wanawake watatu waliokuwa wameshafika na mahamri. Aliposoma dua, Mungu anisamehe, niliitikia amina.

Nikamnong'oneza mmoja wao, "Ni nani lakini?"

Akanikumbatia, akaanza kulia. "Jikaze tu, mwenzangu," akasema. Nami nikajikaza, sijui kwa lipi.

Nisilolijua ni kwamba huko nyuma ya mkeka jina lilikuwa limeshapatikana. Mtu aliona kiti cha Bi Mkubwa kiko uwanjani kimegeuzwa miguu juu, na mwenyewe hayupo barazani, yeye asiyekosa. Akajumlisha. Kufikia hapo mmoja kaenda kununua sanda, vijana wanne wako makaburini na majembe, na simu imeshapigwa Likoni.

Bi Mkubwa akafungua dirisha la mbele, nywele timtim kwa usingizi. Nikamkimbilia kwa kando ya baraza, nisikanyage rangi. Turubai lilikuwa limemziba, watu hawakumwona.

"Kuna nini?"

"Kuna msiba, Bi Mkubwa."

"Wa nani?"

"Sijui."

Akachungulia chini ya turubai. Akaiona mikeka yake, akawaona watu wameelekea mlango wake, mahamri yaingizwa kwake. Nikauona uso wake ukifanya hesabu na kupata jibu.

"Wamekuja kwangu," akasema. "Msiba ni wangu. Na mimi mtu wangu ni mmoja tu."

Akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. "Sikumpigia! Simu ninayo mkononi, sikumpigia!" Huko nje wakasikia kilio chatoka ndani, basi waliokuwa na shaka wakaacha shaka. Mimi nami nikalia, safari hii si kwa tapentaini. Nilijiambia, ungemshika mkono jana ukampigia wewe, mjinga mkubwa.

Ndipo bodaboda ikasimama barabarani. Akashuka mwanamke mnene, buibui limekwenda upande, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. "Dada yangu! Dada yangu, sikukuaga!" Watu wakampisha. Akazishika ngazi, na mimi, badala ya kushangaa kwamba tuliyekuwa tukimlilia ndiye huyu kasimama mbele yangu, neno pekee lililonitoka ni, "Usikanyage, ni mbichi!"

Alikanyaga. Alikanyaga nyayo saba, mguu mtupu na mguu wenye kiatu, akausukuma mlango, na Bi Mkubwa alikuwa nyuma ya mlango huo akitaka kutoka.

Walipiga mayowe kwa pamoja. Kila mmoja alirudi nyuma, kila mmoja akataja jina la Mungu, kisha wakashikana nyuso wakipapasana kama watu wanaochagua embe sokoni.

"Wewe si umekufa?"

"Umekufa wewe!"

"Nani kakwambia?"

"Na wewe nani kakwambia?"

Wakakumbatiana wakalia, na uwanja mzima ukalia. Halafu mdogo mtu akamwachia ghafla.

"Nimelia feri nzima mimi! Watu nisiowajua wamenishika mikono! Kumbe u mzima, walala usingizi!"

"Na mimi je? Sauti imenikauka kwa ajili yako! Kwani mpaka nife ndio uje?"

"Na wewe mpaka nife ndio ulie?"

Mzee wa mkaa akafunga kitabu. "Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Sasa, jamaa, maiti ni nani?"

Wote wakageuka kunitazama. Nikainua brashi.

Ala! Maneno niliyopewa siku ile sijawahi kupewa hata na mume. Mwenye sanda akaniuliza airudishe dukani kwa sababu gani. Mtu akatumwa mbio akawaambie wale vijana waache kuchimba, akawakuta wamefika magotini. Wale wawili wa ngazini waliposimama, nyuma ya kanzu zao palikuwa na mistari miwili mipana ya rangi ya mvule, safi, bila malengelenge. Hata hivyo hakuna aliyeondoka, kwa kuwa maharagwe waliyoyateleka wanawake yalikuwa yameshaiva na mahamri yangepoa.

Mdogo mtu hasira zilimpanda upya. Akataka kwenda zake. Bi Mkubwa akasimama mlangoni, mikono miwili kwenye fremu.

"Hutoki. Umeniharibia mbao wakati wa kuingia, hutaniharibia na wakati wa kutoka. Kaa mpaka zikauke."

"Zakauka lini?" Akanigeukia mimi.

Rangi ile hukauka kwa siku moja. Nikamtazama Bi Mkubwa. Alikuwa ananitazama tu, mzee wa watu, macho yamevimba.

"Siku tatu," nikasema.

Akakaa siku tatu. Siku ya pili nilipita kuchukua sufuria, nikawakuta wako dirishani wamebanana wanawasema wapita njia, na mbao zimekauka kau. Hakuna aliyetoka.

Tangu hapo kila Alhamisi alipanda feri akaja na viazi karai. Nyayo zake sikuweza kuzifuta zote, mbili ziling'ang'ania, na kila Alhamisi waligombana ni kosa la nani. Mimi wakaniita kila mwaka kabla ya Ramadhani kupaka upya. Likoni nako nikapelekwa kupaka mlango na kitanda, ndipo nikaiweka nambari ya mdogo mtu kwenye simu yangu. Watani wa mtaa nao hawakunipa nafasi. Nikipita tu, "Mama, leo wamzika nani?"

Miaka miwili walikwenda hivyo. Kisha asubuhi moja majirani wakaniita, nije na kamba. Bi Mkubwa ameamka, ameswali, amekaa barazani kwake, na hakuinuka tena. Wakaniita mimi kwa sababu ndiye niliyejua ndoano za turubai ziko wapi.

Nililifunga peke yangu. Mikono ilijua njia. Nikatandaza mikeka. Na watu, jamani, watu wakapita. Muuza maji akacheka, "Leo rangi gani, mama?" Mwingine akasema safari hii hakai ngazini, kanzu ni mpya. Nilikuwa na machozi mpaka kifuani, wakaniambia nipunguze tapentaini. Mzee wa mkaa alisimama ng'ambo ya barabara, akanitikisia kidole, akaenda zake. Nusu saa nzima mikeka ilikuwa mitupu, na Bi Mkubwa yuko ndani kafunikwa.

Wanawake walikuwa wameshampigia mdogo wake mara tatu. Kila mara alicheka akakata. "Wewe ndiye uliyeyaanza," wakaniambia. "Mpigie wewe."

Nikapiga. Sikufika hata kwenye salamu.

"Na wewe pia!" alisema, na kicheko nikakisikia. "Mwambie mara hii simo. Mwambie Alhamisi naja na viazi vyake, na akinipakia miguu tena nitampiga."

Nikataka kumwambia. Nikabaki nimeshika simu, yeye acheka, mimi navuta pumzi, mpaka kicheko chake kikapungua chenyewe, kikaisha.

"Mwanangu," akasema, "mbao ni mbichi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya mbao zenyewe, karibu na nyayo zake mbili.

"Ni kavu, mama."

"Basi naja," akasema.