Cherehani Iliyojilipia Ushuru

Weka hiyo selotepu chini kwanza, mwanangu, tuongee. Ipo siku moja ya Kakuma ambayo haijanitoka kichwani, na imenirudia asubuhi hii nilipokuona ukifunga mizigo yako ya ng'ambo na kuandika "vyombo vya zamani" juu ya boksi lenye birika la umeme ambalo hata nailoni yake hujaivua. Unadhani macho yangu yamezeeka pamoja na magoti? Thubutu!

Wakati huo nilikuwa kijana wa Lodwar mwenye mabega na mdomo. Mabega yalinipa kazi kwa tajiri mmoja aliyekusanya mizigo ya watu wanaohamia ng'ambo na kuipeleka kwa lori hadi Mombasa ikapande meli. Mdomo ulinipa sifa tu. Niliwafundisha wateja sheria za nchi ambazo sijazikanyaga hadi leo: kwamba vyombo ulivyokwisha kuvitumia nyumbani kwako huingia bure, lakini kitu kipya hulipiwa ushuru. Hilo lilikuwa kweli. Nililoliongeza mwenyewe ni kwamba kipya kinaweza kuzeeshwa.

Siku hiyo tajiri alinituma Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kufunga mizigo ya Mama Neema. Alikuwa mama wa Kikongo, mshonaji, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ya kuwaamsha hata mbuzi. Binti yake Neema alikuwa ameolewa ng'ambo, na sasa mama amepata kibali cha kumfuata. Vitu vyake vilikuwa vichache: sufuria zilizoungua matako, mablanketi, viti viwili. Na katikati ya nyumba, juu ya kitambaa cheupe, cherehani mpya inayong'aa. Wanawake wenzake wa kanisani walichanga wakamnunulia, ili huko aendako asikae bure.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliniambia huku akiipapasa. "Jembe yangu ndiyo hii. Sitaki kukula kwa mukwe mikono mitupu."

Lakini asubuhi hiyo hiyo Neema alikuwa amepiga simu. Ameulizia forodhani, cherehani mpya italipiwa, na yeye na mumewe hawana hizo pesa. Pasipo ushuru haiingii. Mama wa watu alikaa kitako, mkono shavuni, kisha akajifunga kitenge akaenda kanisani kuwaaga wenzake. Hakuwaambia neno la ushuru, maana walikwisha kutoa walichokuwa nacho.

Nikabaki na kamba na maboksi yangu. Nikajiambia, penye udhia penyeza rupia, na pasipo rupia penyeza akili. Nikachota mchanga wa lagga, ule mto mkavu, nikachukua kipande cha gunia, nikaanza kuisugua cherehani ya watu mgongoni. Rangi ilipoanza kubanduka nilifurahi, masikini mimi, nikaona nimemwokoa.

Mama Neema alirudi mapema kuliko nilivyodhani. Akasimama mlangoni.

"Ekai, unafanya nini pale?"

"Naizeesha, mama. Huko watadhani ni kuukuu, ipite bure."

Hakupiga kelele, mwanangu, na laiti angepiga. Alipiga magoti, akaupangusa ule mchanga kwa ncha ya kitenge, taratibu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mutoto wangu, hii kitu wamama walinunua na njaa yao. Kuna mumoja aliuza unga yake ya mgao. Sasa mimi nifike kwa watu, neno ya kwanza ya kinywa changu ikuwe ya kukana zawadi yao? Hapana."

"Basi utaiacha hapa?"

"Siiachi. Itajilipia yenyewe."

Lori likaondoka na sufuria na viti, cherehani ikabaki. Safari ya Mama Neema mwenyewe ilikuwa bado wiki kadhaa, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akaitoa cherehani nje, chini ya turubai, akaanza kushona. Kila tulipopita na lori nilimkuta pale: leo sare za wanafunzi, kesho gauni la bibi harusi wa Kisomali, siku nyingine wanawake wetu wa Kiturkana wamemzunguka na shuka zao wakimsalimu kwa utani, "Ejok, Mama Neema!" naye anajibu "Ejok noi!" bila kuinua mguu kwenye kanyagio. Miguu ilimvimba, akawa anaitia kwenye karai la maji jioni. Hakuacha. Na wallahi pesa za ushuru zikatimia. Mimi ndiye niliyeifunga ile cherehani, na juu ya boksi akanisimamia niandike: MPYA.

Sasa sikiliza hapa. Miezi ikapita, akanipigia simu kutoka huko. Afisa wa forodha alilifungua boksi, akaona ule mgongo uliokwaruzwa, akamwambia Neema, mwambie mama yako hii ni ya zamani, ipite bure. Mwanangu, ujanja wangu ulifaulu! Neema akamfinya mamake anyamaze. Mama akasema, "Mwambie ni mupya. Hiyo mukwaruzo ni ya kijana wa Lodwar aliyenipenda vibaya." Akalipa.

"Lakini kwa nini, mama, na mlango ulikuwa wazi?" nikamuuliza.

Akacheka kile kicheko chake. "Kila shati nilishona nikisema ni ya ushuru. Ile pesa ningepeleka kwa kazi gani ingine? Na mashini inashona vizuri, Ekai. Kila nikiona mukwaruzo yako, nakuombea."

Nililia kando ya lori, mwanaume mzima, utingo wenzangu wakinicheka. Nimefunga mizigo mingi tangu siku hiyo, na sijaona tena moyo kama ule.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeiona ikifika hadi ng'ambo, na bado nakwambia usiifuate. Kilicho kipya kiite kipya. Ushuru ukikuzidi, fanya kazi uulipe, au kiache nyumbani kitumike hapa. Usimkane aliyekupa ili uokoe senti. Birika hilo mama yako alilinunua kwa samaki aliowauza Kalokol juani, na wewe unaliita la zamani.

Haya, futa uandike upya, kisha inama nikunyunyizie maji ya baraka. Akuj, Mungu wetu, akutangulie bandarini kabla ya mizigo yako. Akupe kazi, akupe jirani wa kukusalimu. Na watakapokuuliza umebeba nini, akupe kujibu huku ukiwatazama machoni. Nenda, mwanangu, na kila ukichemsha chai huko, mtaje mama yako.