Aliyesemwa Kuvunja Bendi

Fundi cherehani wa mtaa wetu huitwa Chiriku, na wateja wachanga hudhani ni kwa ajili ya maneno mengi. Hapana. Ujanani alikuwa mwimbaji wa bendi ya mtaa, ile iliyopiga kila Jumamosi katika ukumbi wa nyuma ya soko, watu wakicheza mpaka soli za viatu zikaachia.

Akaolewa na mpiga dramu wao. Haikupita muda bendi ikafa, na mtaa, ambao haukosi wa kumlaumu, ukasema ni huyo mwanamke: kamtia mume kiganjani, muziki kauzima. Chiriku akameza. Mume alipofariki, maneno hayakuzikwa naye. Kilichomchoma zaidi ni shemeji yake, kaka wa marehemu, aliyekuwa mpiga gitaa. Walikutana harusini na misibani, wakajuliana hali, basi. Chiriku aliamini kwamba fununu zilianzia kwake.

Ndipo akaja binti mmoja na kamera, akitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu muziki wa mtaa ule. Alimhoji Chiriku katikati ya vitambaa vyake, kisha akaaga kwamba anakwenda kwa mpiga gitaa. Tangu hapo Chiriku akakosa raha. Alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile. Mwanawe alipomuuliza ana nini, akasema maneno ya mdomoni huchukuliwa na upepo, lakini ya kwenye filamu wajukuu watayarithi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana katika bwalo la shule. Shemeji alikaa mbele; Chiriku alijibanza karibu na mlango, tayari kuondoka. Uso wa mzee yule ulipojaa ukutani, binti wa kamera akasikika akimuuliza nani aliivunja bendi.

"Hakuna aliyeivunja," akajibu. "Mwenye ukumbi alinunua mashine ya santuri. Mashine haili, haidai nauli, haigombani. Mwaka ule wa mwisho tulibaki tumesimama kwa juhudi za shemeji yangu. Alitushonea sare, akaimba hata na homa. Angekuwa mwanamume, mngemwita kiongozi wa bendi."

Watu wakacheka, kisha vichwa vikageuka kumtafuta. Chiriku alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Nje alimfuata shemeji yake, akamuuliza kwa nini hakuwahi kuyasema hayo.

"Hakuna aliyeniuliza, shemeji. Halafu nilijua umeninunia kwa zile dramu za marehemu nilizobaki nazo."

Chiriku akamtazama asiamini. "Dramu? Mwenzangu, nilishukuru zilipotoka. Zilikuwa zimejaa chumba kizima, sina pa kupita."

Walicheka mpaka mzee akashika ukuta. Kisha wakaenda zao kwa Chiriku kunywa chai, wakibishana njia nzima nani alikuwa akichelewa mazoezini.