Mafundo ya Saidati

Sokoni Gisenyi hakuna asiyemjua Saidati. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akifunga mizigo juu ya magari ya watu, magodoro, mabati, vitanda, na hajaangusha hata kijiti cha kiberiti. Mwambie "kaza tu kamba, mama, tuna haraka", uone atakavyokutazama! Yeye hupima kwanza. Hutundika kitu kimoja kimoja kwenye mizani ya viazi, na paa likitosheka, limetosheka.

Ndiyo maana siku ya kupeleka vyombo vya Mwiza, binti yake wa pekee, kwa wakwe huko Mahoko, kasheshe ilizuka uani. Hamdani, shemeji yake, alitaka kitanda, godoro na kabati vyote vipakiwe juu ya gari moja, ili watu waone binti hakutoka nyumba ya njaa.

"Paa inabeba kilo sabini na tano, iko imeandikwa ndani ya kitabu ya voiture," Saidati akasema, akionyesha gari. "Kitanda na godoro, basi. Kabati itafuata kesho na pikapu."

"Shemeji, utatupatisha haya! Bon, leo uko mama ya bibi harusi, hauko mufungaji wa mizigo."

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kuwa Mwiza alikuwa amesimama palepale na akageuza uso. Binti huyo msomi hakuwahi kuwaambia wakwe mama yake anafanya kazi gani. Saidati alilijua hilo, na lilimuuma kuliko alivyowahi kukiri. Hata hivyo alifunga kwa namna yake: mikanda miwili ya kukatisha keria ya paani, kamba ya mbele mpaka chini kwenye bampa ili upepo usiinue godoro, kitambaa chekundu nyuma palipochomoza mbao.

Njiani polisi akawasimamisha. Alivuta mkanda, akatikisa kitanda. Gari zima liliyumba, mzigo haukusogea hata kidogo. Akawapungia mkono waende, na Saidati, akiwa kiti cha nyuma kando ya Mwiza, akajikuta anatabasamu peke yake.

Kule Mahoko, kushusha vyombo ni kazi ya upande wa bwana harusi. Wanaume wanne waliyavamia mafundo huku wanawake wakiimba. Wimbo ukaisha, ukaanzwa upya, jasho likawatoka, fundo halikuachia. Mmoja akaomba kisu.

"Hapana kukata!"

Alikuwa Mwiza. Alitupia shela begani, akapanda kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akapapasa chini ya godoro mpaka akapata ncha iliyofichwa, akaivuta mara moja. Kamba yote ikalegea. Saidati alipigwa na butwaa, maana hakuwahi kumfundisha. Kumbe miaka ile yote, akisoma madaftari yake kando ya mama sokoni, macho yalikuwa kwenye mikono ya mama.

"Nani alikufundisha hii?" mama mkwe akauliza.

"Mama yangu, ule pale," Mwiza akasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Ni yeye anafungaka mizigo ya Gisenyi yote."

Saidati hakulia. Alikunja mikanda yake mmoja mmoja, polepole kuliko kawaida, ili wamtazame vizuri.